Je, wajua kwa nini bunduki ya kumzuia nyati inapiga risasi moja moja?

Ukienda kupanda Mlima Meru, pale geti la Momella huanzi safari bila renja mwenye bunduki. Kilimanjaro unapanda na waongozaji na wagumu, yani wapagazi, tu, ila Meru njia ya kwenda kibanda cha Miriakamba inakatiza kabisa kwenye makazi ya nyati na tembo. Sasa swali ambalo vijana wa Arusha wanauliza sana ni hili, mbona walinzi wa safari za miguu wengi wanabeba zile bunduki za bolti, za kuvuta kwa mkono, risasi tatu nne tu ndani, wakati SMG, yani AK-47, ipo na magazini yake inabeba 30?

Jibu lipo kwenye uzito wa risasi. Risasi ya SMG ina kama gramu 8, inatoka na mwendo wa mita 700 na kitu kwa sekunde. Chukua sasa .375 H&H, risasi iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1912 na mpaka leo nchi nyingi za Afrika zinaihesabu kama kima cha chini kwa wanyama hatari: mwendo wake ni kama mita 770, haijaizidi SMG kwa kitu kikubwa, lakini ina gramu 19 hivi, kwa hiyo nguvu yake inakaribia mara tatu. Na nyati dume anaweza kufika kilo 700 au zaidi, ngozi nene, mifupa mizito, na akija anakuja kichwa juu, ubongo umekaa nyuma ya ile pembe iliyoungana kwenye paji. Risasi nyepesi inamuumiza, haimsimamishi, na nyati aliyejeruhiwa ndo balaa lenyewe, ndo maana magobole ya kienyeji yanatia watu hatarini, mtu anampiga, nyati anakimbia na jeraha kwenye kichaka halafu kesho yake anayekutana nae ni mama aliyeenda kuokota kuni.

Halafu kuna muda. Nyati anaweza kukimbia karibu kilomita 50 kwa saa, akitokea mita 25 kutoka ulipo una chini ya sekunde mbili, hapo hata ungekuwa na risasi 30 utapata nafasi ya kulenga moja, labda mbili. Kwa hiyo kinachotakiwa ni ile ya kwanza iwe nzito na iingie ndani kabisa bila kupasuka njiani, ndo maana wengi wanatumia risasi ngumu isiyofunguka.

Mimi kinachonivutia zaidi ni ile bolti. Bunduki nyingi za kazi hii zinafuata muundo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani, wa mwaka 1898. Ukiisukuma bolti taratibu unaona ukucha mrefu wa chuma umelala ubavuni, risasi ikitoka tu magazini ukucha unaidaka kwenye kitako chake na kuishika mpaka iingie chemba, yani hata renja akiwa amepiga goti, bunduki imelala ubavu, mikono inatetemeka, risasi haidondoki. Na ganda likinata kwa sababu ya joto au vumbi, ukucha ule ule unaling'oa kwa nguvu.

Namba kwenye karatasi nazo zisikudanganye. Risasi ya .458 Winchester ilipotoka mwaka 1956 ilionekana ndo mwisho wa matatizo, ina gramu 32, lakini baruti ilikuwa imeshindiliwa sana kwenye ganda fupi, baadhi ya risasi zikikaa muda mrefu baruti inagandamana na risasi inatoka na nguvu pungufu, kitu ambacho mbele ya tembo ni kifo. Ilibidi ujazo wa baruti yake urekebishwe. Kwa upande mwingine mwindaji Mskoti W. D. M. Bell aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi kwa risasi ndogo ya milimita 7, kwa kuwa alijua fuvu la tembo vizuri mno na alipiga kwa utulivu tembo ambao hawajamuona. Renja wa Meru hana utulivu huo, yeye anashtukizwa, kwa hiyo anahitaji akiba ya nguvu.

Kuna na suala la kubeba. Bunduki hiyo na risasi zake ni kilo nne au zaidi, mabegani kutwa nzima, mvua na matope, na ikifyatuka inapiga bega vibaya, ukichukua kubwa kuliko unavyoweza kuimudu utaanza kufumba macho kabla hujafyatua. Ndo maana .375 inapendwa na wengi. Wengi pia hawafungi darubini, kwa umbali wa mita 10 darubini inakuonyesha manyoya tu.

Kwa hiyo siku ukiwa Momella na renja akakwambia ukae nyuma yake, usimpite hata kwa ajili ya picha, ule upande wa mbele wa mtutu unatakiwa ubaki wazi muda wote.