Ofisa wa Kiayalandi katika Himaya ya Waingereza: Ana Maana Gani?

Ni mtu aliyezaliwa Ayalandi akaajiriwa na serikali ya Uingereza kusimamia kodi, ardhi, mahakama na wilaya za makoloni. Ugumu wa dhana hii ni kwamba kwao nako, tangu muungano wa 1801, mambo yaliamuliwa London. Mtawaliwa alitumwa kutawala.

Mlango wa India uliwafungukia mwaka 1855. Kabla ya hapo nafasi zilipatikana kwa kujuana na wakurugenzi wa Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyotawala India; sasa ukaja mtihani wa ushindani. Vyuo vya Dublin, Belfast, Cork na Galway vikaanza kuwanoa vijana, na kule Chuo cha Trinity, Dublin, walifundishwa hata Kiarabu na Kisanskriti. Nchi ilikuwa imetoka tu kwenye njaa kuu ya viazi, na kazi yenye mshahara na pensheni haikuwa kitu cha kuchezea.

Wapo wanaodhani watu hawa waliwahurumia Wahindi kwa kuwa nao walionja kutawaliwa. Mimi siamini kuwa ilikuwa rahisi hivyo. Antony MacDonnell, Mkatoliki wa kaunti ya Mayo, Ayalandi, alishughulikia sheria ya 1885 iliyowakinga wakulima wa Bengal, jimbo la India, dhidi ya wenye ardhi. Baadaye alirudishwa Dublin na kushiriki kuandaa sheria ya 1903, iliyowawezesha wakulima wa Ayalandi kununua mashamba waliyokuwa wakiyalipia kodi. Ujuzi wa Bengal ukarudi nyumbani.

Lakini Michael O'Dwyer naye alikuwa Mkatoliki, wa kaunti ya Tipperary. Akiwa mkuu wa jimbo la Punjab, India, aliunga mkono mauaji ya Amritsar ya Aprili 13, 1919, wanajeshi walipoufyatulia risasi umati usio na silaha, ambako hata hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu 379 waliouawa. Mwaka 1940 Mhindi Udham Singh alimpiga risasi London, akafa.

Kwa wasomaji wa Kongo, jina la karibu zaidi ni Roger Casement, mzaliwa wa Dublin. Alipitia utawala wa pwani ya Niger kabla ya kuwa konseli wa Uingereza Kongo, na ripoti yake ya 1904 ilianika ukatili wa uvunaji wa mpira chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Aliandika baadaye kwamba katika misitu ile alikomtambua Leopold, ndiko alikojitambua mwenyewe kuwa Mwayalandi. Mwaka 1916 serikali aliyoitumikia ilimnyonga kwa uhaini, kwa kutafuta silaha za Ujerumani ili Ayalandi ijikomboe.