Hakuna fundi aliyetobolewa macho: dhana potofu kuhusu Mji Mkongwe na Kasri la Prague

Kila saa inapokaribia kugonga, uwanja wa Mji Mkongwe wa Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, hufurika watu walioinua simu kuelekea saa ya kale ya falaki iliyo kwenye mnara wa baraza la mji. Kisa kinachosimuliwa hapo ni kile kile: ati madiwani walimtoboa macho fundi Hanuš asije akatengeneza saa nyingine kama ile, naye kwa uchungu akapanda mnarani akaiharibu.

Ni hadithi tu. Waraka wa mwaka 1410 unamtaja Mikuláš wa Kadaň kuwa ndiye fundi, na hesabu za nyota zinahusishwa na Jan Šindel, mwanazuoni wa falaki wa chuo kikuu cha mji huo huo. Hanuš alikuja kuihudumia miongo kadhaa baadaye. Inaniuma kuona jina la Mikuláš likimezwa na ukatili ambao haukutokea.

Wengi pia hudhani saa yenyewe ni wale mitume wa sanamu wanaopita dirishani. Watu wanawatazama, jogoo wa sanamu anawika, wanatawanyika. Mitume hao wa mbao ni wa 1948, kazi ya mchongaji Vojtěch Sucharda. Waliowatangulia waliungua Mei 1945 Wajerumani walipolipiga jengo kwa mizinga. Kikongwe ni ule uso wa falaki ulio chini yao, na hapo msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa sana. Pete ya nje, yenye tarakimu 1 hadi 24 za mwandiko wa kale, inahesabu saa kuanzia jua linapotua, kama tunavyoanza sisi saa za usiku baada ya magharibi. Mshale wenye kiganja cha dhahabu ukielekea kwenye 3, basi zimepita saa tatu tangu machweo. Na kwa kuwa kule jua huchwa saa kumi jioni mwezi wa Desemba lakini saa tatu usiku mwezi wa Juni, pete hiyo husogea mwaka mzima ili 24 ilingane na machweo. Simama hapo umati ukishaondoka, uisome taratibu.

Ukivuka mto Vltava na kupanda kilimani hadi kasri, utaambiwa kanisa kuu la Mtakatifu Vitus ni la enzi za kati. Nusu ni kweli. Jiwe la msingi liliwekwa 1344, lakini vita na uhaba wa fedha vilisimamisha ujenzi kwa karne nyingi, na kanisa likakamilika 1929. Ile minara miwili ya mbele inayopigwa picha kuliko yote ni sehemu mpya. Ya kale ni upande wa madhabahu. Kichochoro cha Dhahabu nacho si makazi ya watu waliogeuza madini ya risasi kuwa dhahabu. Vile vijumba vilikuwa vya walinzi wa kasri.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kuliona kasri na uwanja kama vituo viwili vya picha visivyohusiana. Mwaka 1618 wakuu wa Kiprotestanti waliwatupa nje maofisa wawili wa mfalme pamoja na karani wao kupitia dirisha la ikulu ya zamani, humo humo kasrini. Wote watatu walipona, lakini uasi ule ukawasha Vita vya Miaka Thelathini vilivyoikumba Ulaya. Waasi waliposhindwa, viongozi wao 27 waliuawa hadharani tarehe 21 Juni 1621 pale uwanjani, karibu na ile saa. Misalaba 27 myeupe imetiwa kwenye mawe ya sakafu, na watu huikanyaga macho yakiwa juu kwa mitume.

Mengine ni madogo. Ile keki ya kuzungushwa juu ya makaa, trdelník, inauzwa kama chakula cha jadi cha Prague, ilhali imeenea mjini humo miaka ya karibuni tu kwa ajili ya watalii. Fedha ya nchi ni koruna, si yuro. Na si kweli kwamba bila tiketi huingii kasrini: nyua zake ni za bure, ingawa rais ana ofisi humo mpaka leo. Tiketi ni ya ikulu ya zamani yenye lile dirisha, kanisa kuu na Kichochoro cha Dhahabu, na kichochoro hicho hupitika bure jioni, maonyesho yakishafungwa.