Mashine haiondoi haja ya karatasi

Vijiweni Ngamiani, hapa Tanga, utasikia watu wakisema: tukiacha kuhesabu kura kwa mkono tukaleta mashine, wizi utakwisha. Sivyo. Kura zikihesabiwa kwa mkono kituoni, mawakala wa vyama wanaziona, na anayebisha anaweza kuomba zihesabiwe upya. Mashine isiyoacha karatasi haina cha kurudia. Itakupa jumla ileile. Ndiyo maana mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba mashine zilivyotumika kwenye uchaguzi wa 2005 zilikiuka katiba: mwananchi asiye fundi lazima aweze kukagua hesabu. Hoja hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Mkono nao hukosea, hasa usiku watu wakiwa wamechoka. Marekani, ambako karatasi moja hubeba nafasi nyingi, maeneo mengi hutumia skana, kisha karatasi hutunzwa ili zikaguliwe. Sisi tuna rais, mbunge na diwani, kila nafasi na karatasi yake. Kazi hiyo mikono inaiweza. Na zile mashine za BVR za kabla ya uchaguzi wa 2015 ziliandikisha wapigakura kwa picha na alama za vidole. Hazikuhesabu kura hata moja.