Quorn na Mstari wa Goyder: Dhana Potofu Kuhusu Mji wa Ngano Australia Kusini

Quorn ni mji mdogo wa Australia Kusini, kilomita 40 hivi kutoka bandari ya Port Augusta, ndani ya milima ya Flinders. Una wakazi zaidi kidogo ya 1,000, hoteli nne za zamani zilizojipanga mkabala na stesheni ya reli, na jengo la mawe lililokuwa kinu cha kusagia ngano. Ukishika barabara ya kaskazini kwenda Hawker, uwanda unafunguka, na kila baada ya mwendo unaona gofu la nyumba ya mawe limesimama peke yake.

Magofu hayo yamezaa hadithi inayosimuliwa kila mahali. Mtaalamu alichora mstari, akakataza watu wasilime ng'ambo yake. Wakulima wakakaidi, ukame ukawaumbua, miji ikafa. Hadithi hiyo ni tamu na haichoshi kusimulia, ila karibu kila kipande chake kina kasoro.

Dhana: Goyder alichora mstari ili kuzuia kilimo

George Goyder alikuwa Mpimaji Ardhi Mkuu wa koloni la Australia Kusini kuanzia 1861 hadi 1894. Safari yake ya 1865 haikuhusu ngano hata kidogo. Ilihusu kodi. Wafugaji wakubwa wa kondoo waliokodi ardhi ya serikali walikuwa wamepigwa na ukame, wakaomba wapunguziwe malipo, na serikali ikataka kujua nani ameumia kweli na nani anajiliza. Goyder alizunguka kwa farasi karibu kilomita 3,200, akarudi na ramani yenye mstari mmoja: kaskazini yake ukame umemaliza malisho, kusini yake mvua bado inategemewa. Wafugaji wenyewe hawakuwa na mapenzi naye, kwa kuwa tathmini alizofanya kabla ya hapo ndizo zilizowapandishia kodi.

Mstari huo unaanzia karibu na Ceduna upande wa magharibi, unashuka hadi Ghuba ya Spencer jirani na Arno Bay, unaibuka tena ng'ambo karibu na Moonta, unapanda hadi Crystal Brook na Orroroo, kisha unateremka kupitia maeneo ya Peterborough na Burra hadi mpaka wa Victoria karibu na Pinnaroo. Quorn iko kaskazini yake, upande wa hatari.

Kilichougeuza kuwa mpaka wa kilimo ni sheria ya 1872, iliyoruhusu wakulima kununua ardhi ya serikali kwa mkopo mradi iwe kusini ya mstari. Mwaka 1874, baada ya misimu mizuri na kelele za watu waliotaka ardhi, Bunge likaondoa kikomo hicho. Kwa hiyo mstari unaotajwa kana kwamba ulikuwa amri ya kudumu ulikuwa na nguvu ya kisheria dhidi ya wakulima kwa miaka miwili tu. Waliolima Quorn hawakuvunja sheria yoyote. Serikali iliwapimia viwanja, ikawauzia, na ikawapelekea reli.

Dhana: Mstari unaonyesha mahali mvua inapofika milimita 250

Namba hiyo huwekwa kwenye ramani kwa sababu ni rahisi kueleza, lakini Goyder hakuufikia mstari wake kwa kujumlisha mvua. Upande wa kaskazini haukuwa na vipimo vya mvua vya kutosha, na vilivyokuwepo vilikuwa na kumbukumbu za miaka michache. Alichosoma ni mimea. Kusini kulikuwa na vichaka vya mallee, yaani mikaratusi mifupi yenye mashina mengi yanayochipua kutoka kwenye kisiki kimoja. Kaskazini kulikuwa na vichaka vifupi vya majani ya kijivu vinavyovumilia chumvi na kiu. Mimea ya aina hiyo haiangalii mwaka mmoja wa neema. Imechujwa na miaka mibaya kwa karne nyingi. Uotaji wake ni kumbukumbu ya mvua ndefu kuliko daftari lolote lililokuwepo wakati ule.

Pengine alikuwa na sababu ya kutoamini msimu mmoja. Mwaka 1857 alipelekwa kaskazini ya mbali, akakuta maji baridi na majani mabichi, akaandika ripoti ya kusifu. Mkuu wake, Freeling, alipofuata baadaye mwaka huohuo, maji yalikuwa yanakauka na kuacha tope.

Wastani wa mvua hapa unadanganya. Quorn yenyewe hupata zaidi kidogo ya milimita 300 kwa mwaka, na bado iko nje ya mstari. Chukua mfano wa kubuni wa miaka mitano: 450, 400, 350, 170, 180. Wastani ni milimita 310, unaoonekana kutosha. Lakini mkulima halimi wastani. Miaka miwili ya mwisho imekuja kwa kufuatana, na mwenye deni benki au serikalini hana namna ya kuivuka.

Msomaji wa Dodoma, ambako mvua ni milimita 550 hadi 600 na mahindi bado yanasumbua, atauliza ngano inawezekanaje kwa milimita 300. Jibu ni majira. Australia Kusini mvua yake kubwa hunyesha wakati wa baridi, takriban Mei hadi Oktoba. Jua ni dhaifu, maji hayapotei haraka hewani, na ngano ni zao la baridi. Hupandwa Mei au Juni baada ya mvua ya kwanza ya maana, na huvunwa Novemba na Desemba kukiwa kukavu. Mambo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mvua ya kufungulia msimu kuchelewa hadi Julai, mbegu ikaota kwenye udongo baridi na mmea ukakosa muda. Ya pili, na mbaya zaidi, ni mvua ya Septemba kukatika wakati punje zinajaa, kisha upepo wa joto wa kaskazini ukavuma siku chache. Shamba lililokuwa kijani linatoa punje nyembamba kama makapi.

Dhana: Wakulima wa kaskazini walikuwa wajinga

Hapa ndipo hadithi inapowaonea watu. Wengi wao walikuwa wakulima wa ngano kutoka wilaya za kusini za koloni hilohilo, na teknolojia yao ilikuwa ya mbele. Tangu 1843 Australia Kusini ilikuwa na mashine ya kuvunia ya John Ridley, iliyokwanyua masuke yaliyokauka na kuacha mabua yamesimama shambani. Mashine hiyo ilitaka hali ya hewa kavu ili masuke yavunjike vizuri, na ndiyo maana ilifaa kule na isingefaa Uingereza. Kwa mashine hiyo familia moja iliweza kuvuna eneo kubwa lenye mavuno haba na bado ikapata faida.

Swali la kuuliza ni kwa nini walivutwa kaskazini badala ya kwenda kwenye vichaka vya mallee vilivyokuwa upande salama. Kwa sababu mallee ilikuwa adhabu. Ukikata shina, kisiki kinabaki ardhini na kuchipua tena. Ukipitisha plau, inagonga kisiki na kuvunjika. Plau ya kuruka visiki ya Richard Bowyer Smith ilibuniwa 1876 tu: kila jembe lake lilikuwa na bawaba, likigonga kisiki linainuka, kisha uzito unalirudisha udongoni. Kabla haijaenea, uwanda wa Willochra mashariki ya Quorn, usio na miti na wenye udongo laini, ulionekana kama shamba lililokwisha kusafishwa. Unafika leo, unalima kesho. Vile vichaka vya kijivu ambavyo Goyder aliviona kuwa onyo, mkulima aliviona kuwa ni kazi ndogo ya kung'oa. Wote wawili walitazama mmea uleule.

Kulikuwa pia na kauli iliyotoka Marekani kwamba mvua hufuata plau, yaani ardhi ikishalimwa hali ya hewa hubadilika. Magazeti yaliipenda. Sidhani kama ndiyo iliyowasukuma wengi. Misimu minono ya miaka ya 1870 ilitosha kushawishi bila nadharia yoyote.

Kilichowaangusha zaidi, ukiondoa mvua, ni hesabu ya sheria. Ardhi iliuzwa kwa angalau pauni 1 kwa ekari, kwa mkopo, na sheria ya 1869 iliweka kikomo cha ekari 640 kwa mnunuzi. Kusini, ekari 640 za ngano ni shamba la heshima. Uwandani Willochra hazitoshi hata kuchanganya na kondoo wa maana wa kumwokoa mtu mwaka mbaya. Busheli moja ya ngano ni kilo 27 hivi, na mbegu ya ekari moja ilikaribia kiasi hicho. Ekari ikitoa busheli 2 au 3, basi theluthi hadi nusu ya mavuno inarudi ardhini kama mbegu ya mwaka ujao. Kinachobaki kinapaswa kulipa magunia, usafiri, chakula na deni.

Ukame ulianza 1880, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika. Wapo waliohama, na serikali ikalazimika kulegeza masharti ili watu warudishe ardhi waliyoinunua kwa bei ya matumaini na kuichukua upya kwa masharti nafuu. Waliobaki walifanya walichopaswa kuruhusiwa tangu mwanzo: waliunganisha viwanja vya majirani walioondoka, wakafuga kondoo, wakalima ngano mwaka unaporuhusu. Vijiji vya Gordon, Wilson na Willochra vilitoweka. Quorn haikutoweka.

Dhana: Quorn ni mji wa ngano uliokufa

Mji ulipimwa 1878, na treni ya kwanza rasmi kutoka Port Augusta iliingia tarehe 15 Desemba 1879, kwa njia ya reli nyembamba, yenye upana wa milimita 1,067 kati ya vyuma vyake, iliyopenyezwa kwenye korongo la Pichi Richi. Ngano ndiyo iliyohalalisha gharama, ila mji uliishi kwa kuwa njia panda. Mwaka 1882 iliungwa njia ya mashariki kupitia Peterborough hadi Terowie, na njia ya kaskazini ikaendelea hadi Farina mwaka huohuo, Marree 1884, Oodnadatta 1891 na Alice Springs 1929. Reli ya kuvuka bara ilipokamilika 1917, abiria wa Adelaide kwenda Perth walipita Quorn. Vita vya Pili vya Dunia vilileta treni za askari, na akina mama wa chama cha wanawake wa vijijini wakawapikia hapo Quorn.

Kwa hiyo mapigo makubwa ya mji hayakutoka mawinguni. La kwanza ni 1937, njia ya Port Pirie hadi Port Augusta ilipofunguliwa na safari za magharibi zikaacha kupita. La pili ni 1956, njia mpya pana ilipojengwa magharibi ya milima ili kubeba makaa ya mawe ya Leigh Creek. Quorn na Hawker zikabaki pembeni. Tangu miaka ya 1970 chama cha wahifadhi kinaendesha treni za mvuke kwenye sehemu ya Pichi Richi, na watalii ndio mazao mapya.

Dhana: Ardhi ilikuwa tupu

Milima hii na nyanda zake zina wenyewe, Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, wakiwemo Wanukunu na Waadnyamathanha. Michoro ya mapango ya Yourambulla karibu na Hawker inaonekana hadi leo. Masimulizi ya mji huruka pia kituo cha Colebrook, kilichohamishiwa Quorn 1927 kutoka Oodnadatta na kuendeshwa na wamisionari. Humo waliwekwa watoto wa Waaborijini waliotenganishwa na familia zao. Lowitja O'Donoghue, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kwanza wa tume ya kitaifa ya Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres mwaka 1990, alifikishwa hapo akiwa na umri wa miaka miwili. Kituo kilihamishiwa Eden Hills, Adelaide, mwaka 1944. Anayeandika historia ya Quorn kwa ngano na treni pekee anaandika nusu.

Dhana: Magofu ya Kanyaka ni kaburi la wakulima wa ngano

Gofu linalopigwa picha zaidi kati ya Quorn na Hawker ndilo linaloelezwa vibaya zaidi. Kanyaka ilikuwa ranchi ya kondoo, iliyoanzishwa na Hugh Proby mwanzoni mwa miaka ya 1850. Proby alikufa maji Agosti 1852 alipojaribu kuvuka mto Willochra uliofurika ghafla, miaka 13 kabla Goyder hajachora chochote. Ukame wa miaka ya 1860, uleule uliomtoa Goyder ofisini, uliua maelfu ya kondoo wa Kanyaka.

Kuyatofautisha magofu si vigumu. Ranchi ni kundi la majengo mengi mahali pamoja: nyumba kubwa, vyumba vya wafanyakazi, jiko, na banda refu la kukatia manyoya, yote karibu na maji ya mto. Nyumba ya mkulima wa ngano ni ya vyumba viwili au vitatu, bomba la moshi upande mmoja, tangi au shimo la maji ya mvua kando yake, na iko kwenye kona ya kiwanja kilichopimwa kwa mistari iliyonyooka. Ukisimama mlangoni ukitazama kando ya barabara, mara nyingi utaona gofu la jirani kwenye kiwanja kinachofuata.