Baridi yabisi haiji na upepo wa bahari

Mama mdogo wangu wa Ngamiani, Tanga, alianza kushindwa na kifumbu. Mbuzi ya nazi alikalia na kukuna kwa kujikaza, lakini ikifika kukamua tui, vidole vilikataa kufumba. Vifundo vya mikono yote miwili vimetuna kama vya tangawizi, vina joto ukivigusa, na kila asubuhi vimekakamaa mpaka saa tatu. Waliokuja kumjulia hali walikuja kwa mapenzi, na kila mmoja alikuja na maelezo yake. Nimeona niyajibu, kwa sababu ugonjwa wake ni baridi yabisi, ule wa viungo kuvimba na kuuma, na maelezo hayo yalimchelewesha kupata dawa kwa miezi mingi.

“Ni baridi ya pwani, ameoga maji ya baridi usiku.”

Jina la ugonjwa ndilo linalotupoteza. Baridi huweza kuzidisha maumivu kwa aliyekwisha kuugua, lakini haianzishi baridi yabisi. Watu wa nchi zenye joto kali wanaupata pia. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili inashambulia utando laini unaozunguka viungo vya mwili wake wenyewe.

“Kinga yake imeshuka. Mpeni mlonge na tangawizi zipandishe.”

Hili ndilo lililonifanya niandike. Kwetu ukisema “kinga imeshuka” watu hufikiri virusi vya Ukimwi, na mama mdogo alinong'onwa mtaani kwa jambo hilo. Kinga yake haikushuka. Imewaka na haizimiki, na ili kuelewa kwa nini, inabidi tuingie ndani ya seli.

Karibu kila seli ya mwili ina protini iitwayo NF-kappa B. Ikiingia kwenye kiini cha seli hukaa juu ya vinasaba mahali maalumu na kuwasha mamia ya jeni, nyingi zikiwa za kuita askari wa kinga na kuleta uvimbe. Ranjan Sen na David Baltimore waliitambua mwaka 1986 huko Marekani, wakichunguza seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Mwanzoni ilionekana ni ya seli hizo tu. Mwaka huohuo ikabainika kuwa imo katika seli nyingine pia.

Mtu angedhani seli huitengeneza protini hii pale kijidudu kinapoingia. Sivyo. Imeshatengenezwa zamani, imefungwa nje ya kiini, inangoja. Ifikirie kama ngalawa iliyofungwa kwa kamba pale Deep Sea, vifaa vyote vimo ndani. Kamba yake ni protini nyingine, I-kappa-B. Kijidudu kikibisha hodi kwenye ukuta wa seli, ujumbe hufika kwa kimeng'enya kiitwacho IKK, nacho huipiga kamba muhuri wa fosfati. Muhuri huo huvuta alama ya pili, yubikwitini, na kamba yenye alama hiyo hupelekwa kwenye protiasomu, kinu cha seli cha kusagia protini. Kamba ikishasagwa, ngalawa iko huru, na katika dakika chache imo ndani ya kiini.

Sasa tazama ufundi ulivyo. Miongoni mwa jeni za kwanza kuwashwa ni jeni ya kamba yenyewe! Kamba mpya inasokotwa, inaifuata ngalawa hadi ndani ya kiini, inaikamata na kuirudisha nje. Katika seli zinazokuzwa maabara, ujumbe ukiendelea kuja, wanasayansi wameiona protini hii ikiingia na kutoka, mzunguko mmoja kila dakika 100 hivi. Tena huwashwa breki nyingine, protini A20, inayobandua minyororo ya yubikwitini ambayo ujumbe huipitia.

Kwenye kiungo cha mwenye baridi yabisi ujumbe haukomi. Moja ya jeni zinazowashwa hutengeneza TNF, protini ya kupiga mbiu ya vita. TNF ikitoka nje ya seli hugusa seli jirani, na huko nako kamba zinakatwa. Mwili ulioko katika hali hiyo hauhitaji kupandishiwa kinga. Mlonge ni mboga nzuri, na tangawizi kwenye chai naipenda mno, ila hazimalizi vita hiyo.

“Kama protini hiyo ndiyo mbaya, si waiondoe tu?”

Hili aliniuliza binamu yangu, na ni swali la haki. Mwaka 1995 ilichapishwa kazi juu ya panya walioondolewa RelA, sehemu kuu ya NF-kappa B: walikufa tumboni kabla ya kuzaliwa, ini likiwa limeharibika. Mwaka 2000 wakaelezwa panya waliokosa A20, ile breki: walizaliwa, wakafa wadogo kwa uvimbe uliotapakaa mwilini. Mwili unaihitaji protini hiyo, na unahitaji breki yake pia.

“Ni ya ukoo, hakuna la kufanya.”

Ukoo una sehemu yake. Tafiti za 2007 na 2008 ziliona kwamba tofauti ndogo karibu na jeni ya A20 huongeza uwezekano wa baridi yabisi na wa lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga huushambulia mwili wake yenyewe. Wapo hata watoto, wachache sana, wanaorithi nakala moja mbovu ya jeni hiyo. Hupata homa, vidonda vya mdomoni na maumivu ya viungo. Lakini kwa pacha wa kufanana kabisa, mmoja akiwa na baridi yabisi, mwenzake huipata kwa takriban mara 15 tu kati ya 100. Uvutaji wa sigara, kwa mfano, ni kichocheo kinachojulikana.

“Vidonge vile vya prednisoloni vinamvimbisha uso. Aache leo.”

Aliacha kweli, kwa ushauri wa jirani, na siku chache baadaye hakuweza kusimama. Prednisoloni, dawa aliyopewa ya kutuliza uvimbe, ina madhara yake, na uso kuvimba ni mojawapo. Kazi yake lakini inaeleweka: katika baadhi ya seli huongeza kamba, yaani I-kappa-B, na pia huizuia NF-kappa B kwa njia nyingine. Tatizo la kuiacha ghafla ni kwamba tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo, huwa zimelala. Zinahitaji muda wa kuamka. Dozi hupunguzwa polepole, na daktari ndiye anayepanga.

Sasa anapunguziwa, na ameanzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kumewahi kuua watu. Kwenye boksi lake ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: IJUMAA. Nazi anakuna mwenyewe, kifumbu anashika binti yake.