Mbao haziuliwi na uzee: dhana potofu kuhusu bodi za gari za kale

Gari ya kale yenye bodi ya mbao, iwe lori la abiria la shamba au gari ndogo ya Kiingereza, hapa Unguja hukutwa imeshahukumiwa: "mbao zimechoka." Mbao hazichoki kwa miaka. Zinaoza pale maji yanapoingia yakakosa pa kutokea.

"Mbao zile ni pambo tu."

Husemwa hivyo juu ya Morris Minor Traveller, gari ndogo iliyoundwa Uingereza kuanzia 1953 hadi 1971. Kumbe mbao zake ndizo bodi ya nyuma yenyewe: zinashika vioo vya ubavuni, paa na milango ya nyuma. Kwenye lori la shamba ni hivyo hivyo, nguzo zikioza chini paa linalala. Kwa hiyo kuziba shimo kwa fila na kupaka rangi juu ni kuficha ugonjwa. Choma kwa ncha ya bisibisi mihimili ya chini, ncha za nguzo na chini ya vioo. Ikizama bila nguvu, kipande hicho kitolewe.

"Vunja yote, uanze upya."

Hili ndilo kosa linalopoteza gari nyingi, na huwa limefanywa kabla ya randa kutoka kwenye sanduku. Bodi ikishafumuliwa yote, hakuna tena anayejua umbo lake. Kabla ya kulegeza skrubu hata moja, pima kila uwazi wa mlango pembe kwa pembe, kwa mshazari, njia zote mbili, uandike vipimo. Kisha pigilia mbao za mshazari kwenye nafasi hizo na utie magogo chini ya paa. Fanya ubavu mmoja kwanza. Ule wa pili ndio kielelezo chako, ukiugeuza. Chora kila kipande kwenye plaiwudi ya milimita 6, na kile kibovu usikichome moto mpaka kipya kikae na mlango ufunge.

"Mbao ngumu kuliko zote ndiyo bora."

Waingereza walitumia sana mti uitwao eshi kwa sababu unanyumbulika, unapindika kwa mvuke na unashika skrubu. Kwenye unyevu huoza haraka. Kwetu mvule na msaji hustahimili zaidi. Mvinje ni mgumu kweli, lakini ukikauka hupasuka na kujikunja. Mwembe ni rahisi kupatikana, ila kuvu na bungua, wadudu watoboao mbao, huupenda.

Sehemu zilizopinda, kama matao ya paa, zinataka akili zaidi. Ukilikata tao kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zinakatwa njiani na hapo ndipo litakapovunjika. Waunda majahazi hutafuta tawi lililopinda lenyewe kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo, na fundi wa bodi afanye vivyo hivyo. Akilikosa, apasue vipande vyembamba vya milimita 4 hadi 5, avigandishe kwa epoksi juu ya kalibu yenye umbo la tao na avibane kwa jiriwa mpaka gundi ikauke. Msaji una mafuta: ufute kwa asetoni kabla ya kutia gundi. Vumbi la mvule huwasha kifua, vaa barakoa.

"Mbao zikauke kabisa."

Mbao zilizokaushwa kwa tanuri hadi unyevu wa asilimia 8 zikiletwa kwenye hewa yetu zitanyonya unyevu na kuvimba kwa upana, na milango itakwama masika. Zinazofaa hapa ni za asilimia 14 hadi 16. Kupima si kazi: pima uzito wa kipande kidogo, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena. Kikianza na gramu 232 na kuishia 200, maji yalikuwa gramu 32, yaani asilimia 16 ya uzito mkavu.

"Sifa au oili chafu ni dawa ya mbao."

Sifa, yaani mafuta ya papa, ina kazi yake kwenye jahazi. Kwenye bodi ya gari, mafuta yoyote yanazuia gundi na rangi kushika. Tia dawa ya mbao ya kuzuia kuvu na wadudu, hasa kwenye ncha zilizokatwa, ambazo hunywa maji kuliko ubavu wa ubao.

"Misumari mingi, kaza sana."

Msumari wa chuma kwenye hewa ya chunyu hushika kutu, huvimba na kupasua ubao. Tumia skrubu za stenlesi. Kwa ya milimita 5, toboa kwanza tundu la milimita 3.5. Chesisi, fremu ya chuma inayobeba bodi, nayo hujipinda barabarani, kwa hiyo weka mpira kati yake na mihimili ya chini, na nafasi yoyote iliyobaki ijazwe kipande cha mbao kabla ya kukaza bolti. Ukiivuta bodi kwa bolti ikaifuate chesisi, unaipinda mwenyewe. Mwisho toboa matundu ya milimita 8 chini ya milango na kwenye mihimili ya chini, na uyazibue tope kila masika yakiisha.