Pointi ya kipaumbele si pointi ya bonasi

Ndugu yetu mmoja anayeishi Texas alituambia juzi, mshikaki mkononi, kwamba ana pointi 5 za kuwinda elki, kulungu wakubwa wa Marekani, kule Nevada na "mwakani zamu yangu imefika". Watu wakampongeza. Mimi nikanyamaza, maana nyama ilikuwa tamu na sikutaka kuiharibu. Lakini ni mara ya tatu mwaka huu namsikia mtu akitaja zamu mahali pasipo na zamu.

Maana kwanza, kwa haraka. Katika majimbo ya magharibi mwa Marekani wanaotaka kuwinda wanyama wakubwa ni wengi kuliko vibali, kwa hiyo vibali vya maeneo mengi mazuri hutolewa kwa droo. Kibali wanakiita tegi, kwa sababu ya kijikaratasi unachofunga kwenye mzoga. Asiye mkazi wa jimbo hutengewa fungu dogo, tena kwa bei kubwa. Huyo si lazima awe mtu wa pasipoti ya nje: wa Texas akiomba Wyoming ni mgeni sawasawa na wa Mwanza. Baadhi ya wageni hao waliona dhuluma wakaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kuishitaki Montana, ambako mwaka 1976 mkazi aliwinda elki kwa leseni ya dola 9, na mgeni akalazimika kununua leseni ya mchanganyiko, ya wanyama kadhaa kwa pamoja, kwa dola 225. Hukumu ilitoka 1978, wakashindwa. Basi ukiomba na kukosa, majimbo mengi hukupa pointi ya kukufuta machozi. New Mexico na Idaho hawatoi hata hiyo.

Sasa, machozi hayo hufutwa kwa vitambaa viwili tofauti, na hapa ndipo watu wanaponichosha.

Kipaumbele ni neno linalojieleza lenyewe: kumpa mtu umbele, kumweka mbele ya wengine. Pointi ya kipaumbele ni nafasi kwenye foleni. Colorado hufanya hivyo kwa chaguo lako la kwanza: mwenye 7 anahudumiwa kabla ya mwenye 6, na ukipata unarudi sifuri, mkiani kabisa. Wyoming huwapa wenye pointi nyingi asilimia 75 ya vibali vya elki vya wasio wakazi, robo iliyobaki inaachiwa bahati. Na foleni hizi zina ugonjwa wake. Wanaoingia mkiani ni wengi kuliko wanaohudumiwa kichwani, kwa hiyo eneo lililotaka pointi 6 ulipoanza linaweza kutaka 9 siku unapofikisha hizo 6. Hata penye foleni halisi, neno zamu litamke taratibu.

Bonasi ni Kilatini, maana yake "nzuri", na sisi tumeizoea kwenye mshahara: kitu kizuri cha nyongeza. Haimweki mtu mbele ya mwingine. Nevada huzidisha pointi zako kwa zenyewe, kisha huongeza 1 ya ombi la mwaka huo. Pointi 5 zinakuwa 25, na 1, jumla 26. Kompyuta inakuchotea nambari 26 na kukubakizia iliyo ndogo kuliko zote, maana mwenye nambari ndogo ndiye anayetangulia. Mwenye sifuri ana nambari 1 tu. Lakini hiyo moja ikiwa ndogo kuliko zako zote, amekupita, na hana wa kumwomba radhi. Sisi tuna jina la jambo hili tangu zamani: bahati nasibu. Nasibu ni Kiarabu, fungu la mtu, kile alichogawiwa. Aliyetia kapuni tiketi 26 ana matumaini zaidi ya aliyetia moja, ila sijawahi kumsikia mnunua tiketi akisema wiki ijayo ni zamu yake.

Wa kulaumiwa kidogo ni Utah. Wao pointi zao za maeneo yenye vibali vichache wanaziita bonasi, halafu pale vibali vinapozidi kimoja takriban nusu huenda moja kwa moja kwa wenye pointi nyingi zaidi, nusu nyingine kwa kura. Jina la kapu, tabia nusu ya foleni. Mtu akianzia Utah namsamehe.

Kwa hiyo, kaka, ulichonacho Nevada ni nambari 26 kapuni, na si kidogo. Endelea kuomba, ukikumbuka kwamba leseni ya uwindaji unayoinunua ili upate pointi hairudishiwi pesa hata ukikosa. Ukitaka zamu, nenda Wyoming au Colorado. Ila zile 5 haziruki mpaka wa jimbo, utaanzia sifuri.